Panzi Anayevaa Masizi

Kiangazi kikikolea katika nyika za Tanzania, moto hupita. Mwingine huwashwa na wafugaji wanaotaka majani mapya, mwingine huwaponyoka warina asali. Ukishazimika, ardhi hubaki nyeusi, na yangeyange na korongo hutembea juu ya majivu wakidonoa kila kinachojitikisa. Panzi aliyenusurika na rangi yake ya nyasi kavu huonekana kama mtu mwenye kanzu nyeupe ndani ya ghala la mkaa.

Rudi hapohapo baada ya siku kadhaa, kisha uiname. Kipande cha bua lililoungua kitaruka mbele yako. Ni panzi, mweusi tangu kichwani hadi mapajani. Mshike umsugue: kidole kitabaki safi. Hayo si masizi, ni rangi iliyo ndani ya ngozi yake.

Kwa kubadili rangi, sifa zote tumempa kinyonga. Lakini kinyonga hubadilika kwa dakika chache, na mara nyingi ni kwa ajili ya kumtisha mpinzani, kumvutia jike au kuota jua. Panzi huchukua siku, na shabaha yake ni moja: asionekane.

Siri iko machoni. Panzi hupima mwanga utokao juu na ule unaorudi kutoka ardhini. Ardhi iliyoungua hurudisha mwanga kidogo hata jua likiwa utosini. Tofauti hiyo huuamsha mwili utengeneze melanini, rangi nyeusi ya jamii moja na ile iliyo katika nywele zetu. Tunutu, yaani panzi mchanga, hujivua ngozi mara kadhaa akikua, na kila ngozi mpya ni nafasi ya kuja na rangi nyingine. Panzi mzima hajivui tena, ila naye hajafungiwa mlango: mwaka 1951 mtaalamu wa wadudu E. Burtt alichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa hata panzi wazima huweza kugeuka rangi kwenye ardhi iliyoungua. Baadhi ya vunjajungu wa Afrika nao wana ujuzi huo.

Hata hivyo, kinga hii ina muda wake. Mvua zikinyesha na majani kuchipua, weusi uliomficha panzi ndio utakaomchongea kwa ndege. Kwa hiyo ukikuta panzi weusi wamekaa juu ya majani mabichi, huenda moto ulipita hapo si zamani.