Sporotrikosi ya paka

Sporotrikosi ya paka ni ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na kuvu (fangasi) wa jenasi Sporothrix. Huwapata hasa paka wanaozurura nje, na kutoka kwao huweza kuwaambukiza binadamu. Mlipuko wake unaojulikana zaidi ulianza Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1998.

Kisababishi

Katika udongo na mimea inayooza, kuvu huyo hukua kama ukungu wenye nyuzi. Akiingia katika mwili wenye joto hugeuka kuwa chembe ndogo zinazofanana na hamira. Alielezwa mara ya kwanza na Benjamin Schenck huko Baltimore, Marekani, mwaka 1898. Kwa muda mrefu ugonjwa ulihesabiwa kuwa wa watunza bustani na wakulima waliochomwa na miiba. Katika miaka ya 1940 uliwapata pia wachimbaji dhahabu karibu 3,000 wa Witwatersrand, Afrika Kusini, kutokana na mbao zenye ukungu zilizoshikilia kuta za migodi.

Huko Rio njia ilikuwa tofauti. Spishi iliyoenea humo, Sporothrix brasiliensis, iliyotambuliwa mwaka 2007, hupita kutoka paka hadi paka, na kutoka paka hadi mtu.

Uenezi

Kidonda cha binadamu huwa na chembe chache za kuvu, lakini cha paka hujaa chembe hizo. Kwa hiyo mkwaruzo au ng'ato moja inatosha kuambukiza, na hata chafya ya paka mwenye vidonda puani ni hatari. Wanaougua zaidi ni madume ambao hawajahasiwa, yaani akina paka shume, kwa kuwa hupigana usiku wakigombea majike na maeneo.

Dalili

Paka hutokea vidonda wazi puani, masikioni na miguuni, ambavyo haviponi kwa antibiotiki. Visichanganywe na choa, ambacho kwa paka husababishwa hasa na Microsporum canis: choa hunyonyoa manyoya kwa mabaka na kwa kawaida hakichimbi ngozi.

Kwa binadamu huanza uvimbe mdogo mahali palipokwaruzwa, kisha vinundu vingine hujipanga mkononi kufuata mishipa ya limfu.

Matibabu na udhibiti

Dawa kuu ni itrakonazoli, ambayo pengine huongezewa iodidi ya potasiamu. Paka hutibiwa kwa miezi kadhaa, na dawa huendelea hata baada ya vidonda kufunga. Hapo ndipo penye ugumu, maana nani atamkamata paka asiye na mwenyewe kila siku ili kumpa kidonge? Katika mitaa maskini ya Rio hata wenye paka wengine hukata tamaa na kuwatupa. Paka aliyetupwa hupeleka ugonjwa mtaa mwingine, na aliyekufa akazikwa uani humrudisha kuvu udongoni. Ndiyo sababu inashauriwa mizoga ichomwe moto, paka wahasiwe, na wagonjwa wafungiwe ndani hadi wapone. Anayemshika paka mgonjwa avae glavu.

Ugonjwa umeshaenea katika majimbo mengine ya Brazil na kufika nchi jirani, zikiwemo Argentina na Paraguay. Mwaka 2022 wataalamu waliripoti wagonjwa watatu nchini Uingereza, walioambukizwa na paka aliyeletwa kutoka Brazil.