Tovuti Mpya, Swali la Msafiri

Wanafunzi wanaposimama kuwasilisha tovuti waliyoisanifu upya, wengi huanza na rangi. Rangi nani kaziuliza?

Kwa tovuti ya utalii wa Kigoma, swali la kwanza ni la msafiri: Gombe inafikikaje? Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1968, haifikiki kwa gari. Watu huenda kwa boti kutoka Kigoma mjini. Ukurasa wa zamani ukificha habari hiyo chini ya picha za sokwe, kundi la wanafunzi limeshapata hoja yake. Liweke ukurasa wa zamani na mpya sambamba, kisha lieleze ni akina nani waliujaribu huo mpya. Mwaka 2000 mtaalamu Jakob Nielsen aliandika kwamba watumiaji watano hutosha kufichua kasoro nyingi za tovuti. Watano hao hawakosekani mitaa ya Mwanga mjini Kigoma au bandarini, simu mkononi.

Kugawana maneno ni kazi ndogo: mmoja aeleze tatizo, mwingine majaribio, wa tatu aendeshe skrini.

Picha za kurasa zihifadhiwe kwenye flashi, maana intaneti haina adabu siku ya mtihani. Na mwalimu akiuliza kwa nini kitu fulani kimebadilishwa, mwanakundi yeyote awe na jibu, si kiongozi peke yake.