Mtoto Akizaliwa, Ndoa Nayo Yataka Kulelewa

Wengi huamini kwamba mtoto huja kuikaza ndoa. Lakini miezi ya kwanza huweza kuwatenga mume na mke, na marafiki wa mama wakaacha kubisha hodi.

Huko Bangale, Tana River, wakati wa kiangazi mfugaji huhama na mifugo kutafuta malisho, mkewe akabaki na mtoto mchanga. Jamaa na majirani wa kike ndio humshika mkono. Mjini baba hurudi jioni, lakini mama huweza kushinda peke yake katika nyumba ya kupanga.

Mwili nao una yake. Baada ya kuzaa homoni hushuka ghafla, usingizi hukatika, na kunyonyesha huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mume asidhani amechukiwa.

Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Ikipita wiki mbili, mama aende kliniki. Huenda ni sonona, nayo hutibika.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa baba mwajiriwa likizo ya wiki mbili. Aitumie kubembeleza mtoto usiku ili mama alale. Nanyi marafiki, msingoje mwaliko: pelekeni uji, mfue na nepi.