Zamu Hainunuliki

Kikundi chetu cha kula kina watu wanane, majiko mawili ya gesi, jiko moja la mkaa na daftari ambalo ukilipoteza ni afadhali upotee nalo. Sote ni wanafunzi, tumepanga vyumba Moshi, si mbali na Chuo Kikuu cha Ushirika. Kila Jumatatu kila mmoja anatoa shilingi 20,000, na kwa hizo tunakula mchana na usiku wiki nzima. Anayekula kwa mama ntilie mara mbili kwa siku, sahani ya wali maharage ikiwa 2,000, anamaliza 28,000 na chai ya asubuhi bado hajainywa.

Hesabu hiyo kila mtu anaiona, na ndiyo inayoleta wengi mlangoni kwetu mkopo wa serikali unapochelewa. Wanachochelewa kukiona ni kwamba chakula cha kikundi hulipiwa mara mbili: kwa pesa na kwa zamu.

Kila siku wawili wanapika na wawili wanaosha vyombo. Jumamosi wawili wanakwenda soko la Mbuyuni, kwa sababu mtu akienda peke yake bei ya nyanya ina tabia ya kupanda njiani. Mpishi wa kesho analoweka maharage leo usiku. Yasipolowekwa yanamaliza gesi. Mchele unapimwa kwa kikombe kimoja, kile kilichokatika mkono, na hakuna mwenye ruhusa ya kukadiria kwa macho. Ukoko ni haki ya aliyepika. Aliyebanwa na kipindi anafunikiwa sahani yake hadi saa tatu usiku. Ikipita hapo kinakuwa kiporo, na kiporo ni cha atakayewahi kuamka.

Kila mtu anapika cha kwao. Dada wa Pangani anatia nazi hata kwenye tembele. Kaka wa Rombo akishika zamu, jiandae kwa kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, na mnafu pembeni. Wa Mwanza akipika dagaa lazima tubishane kwanza kama vichwa vitolewe au vibaki. Kitimoto hakiingii kwenye sufuria za kikundi. Anayekitamani, mabanda yake mjini hayana idadi. Ramadhani zamu zinageuzwa: waliofunga wanaachiwa futari, wengine mlo wa mchana, na sijasikia asiyefunga akilalamika mihogo ya nazi ikishatua mkekani.

Ushirika wa namna hii hatukuubuni sisi. Darasani tunasomeshwa kwamba mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi 28 walifungua duka lao la unga, siagi na sukari, kila mwanachama akiwa na kura moja tu. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaunda chama chao cha ushirika, KNCU, hapa hapa Moshi. Mwaka huo huo, uchumi wa dunia ukiwa umedorora, wanafunzi wa Berkeley, California, walianzisha ushirika wao wa malazi na chakula. Bado upo, na una wanachama zaidi ya 1,200. Kilichonivutia mimi ni sharti lao moja: mwanachama analipa ada yake yote, na bado anadaiwa saa tano za kazi kila wiki, awe jikoni, kwenye vyombo au kwenye ufagio. Jasho lina hesabu yake, pesa ina yake.

Sisi tulifika hapo kwa kugombana. Mwenzetu mmoja anayefanya vibarua vya mtandaoni alipendekeza awe anatoa 5,000 zamu yake ikifika, apike mwingine. Mimi nilipinga, nikazidiwa kura. Haikuchukua muda wanaume wengine wawili wakafuata, na walioshika mwiko kwa zamu zao zote ni mimi na dada wa Pangani. Chakula kilikuwa kile kile, lakini chumvi ghafla ikawa haitoshi, wali ukawa bokoboko, mchuzi mwepesi. Mtu asiyepika hana huruma na mpishi; akishalipa, anadai. Dada wa Pangani aliwarudishia noti zao mbele ya watu wote, akavua kanga aliyojifunga kiunoni, akaenda zake chumbani. Usiku ule wanaume walilala na mkate.

Kesho yake tulipiga kura upya. Zamu kwetu haiuzwi wala hainunuliwi. Ukiwa na mtihani unabadilishana na mwenzako, na deni linaandikwa daftarini hadi ulilipe kwa kupika.

Ukitaka kujiunga na kikundi kama hiki, nenda na sahani yako, kijiko na sufuria kama unayo. Kama hujui kupika sema mapema, si aibu. Kwetu mgeni anapangwa na mzoefu na kazi yake ya kwanza ni kuchambua mchele. Kabla hujatoa shilingi, uliza nani anashika pesa, na asiyetokea kwenye zamu anafanywa nini. Kisha omba kuliona daftari. Wakikwambia liko kwa mtu mmoja, naye amesafiri, chukua sufuria yako utafute kikundi kingine.