Nati Inapogoma Chini ya Gari

Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, barabara ya Bububu hupita jirani na pwani, na upepo wa bahari hufika ukiwa bado na chumvi yake. Kuta za kasri la Sultani Seyyid Said, alikozaliwa binti yake Bibi Salme mwaka 1844, ni za mawe na chokaa, na magofu yake yangali yamesimama ufukweni. Chuma hakina ustahamilivu huo. Gari inayolala nje mitaa hiyo huamka na utando wa unyevu wa chumvi, nao hujikusanya pale ambapo kitambaa hakifiki: kwenye nati za shokapu, za linki na za wishiboni, ule mkono unaoshika gurudumu kwenye chesesi.

Tena gari nyingi za kisiwani, ziwe Toyota IST au Noah na Hiace za biashara, zilishatumika Japani kabla ya kupakiwa melini. Baadhi zilitembea sehemu za theluji kama Hokkaido, ambako barabara hutiwa dawa za chumvi kuyeyusha barafu. Kutu inaweza kuwa imeanza huko huko. Mnunuzi akiona rangi nyeusi mpya imepulizwa chini ya gari hufurahi. Fundi mzoefu huichokoa kwanza kwa bisibisi, aone kama haijaficha kutu.

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na kuota kutu ni kazi ya mikondo midogo ya umeme juu ya chuma. Ndiyo maana pwani kutu hukimbia. Nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili hata sita. Juu ya bodi ina pa kuvimbia, ikabanduka magamba. Ndani ya hesi za nati, ile mistari ya kuzungukia boliti, haina pa kwenda: mwanya uliopo ni sehemu ndogo mno ya milimita, kwa hiyo kila chembe inayoongezeka inabana. Nati iliyofungwa kwa mkono mmoja kiwandani, miaka kumi baadaye hukataa wanaume wawili na bomba la kurefushia spana.

Bomba hilo lina sifa kubwa kuliko kazi yake. Likiongezwa tu urefu bila matayarisho, ama pembe za nati huviringika, ama boliti hukatika shingo. Swali la kujibiwa kabla ya kushika chochote ni hili: katika vitu viwili vilivyoshikana, kipi kinabaki na kipi kinakwenda jalalani?

Chukua linki ya stabilaiza, ile fimbo fupi inayogonga "kok, kok" gari ikipita kwenye mashimo. Ikifunguliwa huwa inabadilishwa, hairudi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuibembeleza nusu siku. Kwa Toyota nyingi nati yake ni ya spana 14 au 17, na katikati ya boliti pana tundu la pembe sita la kuzuia kwa ufunguo wa L, kwa sababu boliti ya linki huzunguka pamoja na nati. Tundu hilo hujaa kutu na matope. Lisiposafishwa kwa msumari, ufunguo hauingii hadi mwisho nao hulila. Likishalika, grenda inatosha: kata nati upande mmoja, kisha ipasue kwa tindo. Halafu kuna siri ndogo ambayo wengi huiruka. Magurudumu yote mawili ya mbele yainuliwe pamoja. Likining'inia moja tu, stabilaiza hujipinda na kuivuta linki, na fundi hupigana na chuma cha springi akidhani anapigana na kutu.

Boliti za chini za shokapu, zinazoishika kwenye nakili, kile chuma kinachobeba gurudumu, zinataka heshima zaidi, maana nakili inabaki. Hapo subira ina faida. Hesi zinazoonekana zisuguliwe kwa brashi ya waya kwanza, kwa sababu uchafu huo ndio utakaojibana nati ikianza kutoka. Kisha mafuta ya kupenya, na kungoja. Jioni hadi asubuhi ni bora kuliko dakika tano. Gereji nyingi hutumia dizeli au mafuta ya breki. Dizeli hupenya kiasi. Mafuta ya breki hula rangi, na yakidondoka kwenye breki pedi ni hasara nyingine. Hata WD-40, kopo linalojulikana dunia nzima, ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, si kufungua nati. Inasaidia, lakini si miujiza.

Baada ya mafuta, nyundo: kugonga nati mara kadhaa kunaitikisa kutu ipasuke. Spana iwe ya duara au soketi ya pembe sita, isiwe ya mdomo wazi. Na mwendo wa kwanza uwe wa kukaza kidogo. Jambo hili huwashangaza wenye gari wanaosimama pembeni kutazama, lakini kutu iliyoshikana huvunjika kwa upande wowote, na kukaza hakuisukumi kwenye hesi chafu zilizo mbele. Nati ikisogea, irudishwe, itiwe mafuta, itolewe tena, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko.

Moto ni dawa kali. Nati ya tundu la milimita 12 ikipashwa nyuzi 300 zaidi hupanuka takriban milimita 0.04, chini ya unene wa unywele, na hiyo yatosha kuachana na kutu. Lakini shokapu ya gesi ina mafuta na naitrojeni yenye shinikizo. Ikipata moto inaweza kupasuka. Mipira ya bushi, paipu za breki na mabomba ya petroli navyo havitaki mwali. Karibu na vitu hivyo, msumeno ni salama kuliko moto.

Kesi inayochosha kuliko zote ni boliti ya wishiboni. Nati hutoka vizuri, watu wakashangilia, kisha boliti haitoki. Imeota kutu ndani ya bomba la chuma la bushi, na kila ikizungushwa, mpira wa bushi ndio unaojipinda na kuirudisha. Kwa kuwa bushi inabadilishwa, fundi hodari hukata boliti kwa msumeno pande zote mbili za bushi, akaitoa wishiboni nzima. Upande wenye nati iliyochomelewa ndani ya chesesi hukatwa mwisho, baada ya mafuta na siku nzima ya kungoja, kwa sababu nati hiyo ikizunguka bure itabidi chesesi itobolewe.

Wakati wa kurudisha, boliti mpya hupakwa grisi nyembamba sana shingoni. Hesi zikilainishwa mno, mkono ule ule huvuta boliti zaidi ya kipimo. Nati zenye pete ya nailoni hazirudiwi. Boliti za bushi hukazwa mwisho gari ikiwa imekaa kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, bushi mpya hupindika siku zote na huchanika mapema. Gari ikishatolewa wishiboni, huenda ikahitaji kupimwa wili alaimenti kabla ya kurudi barabara ya Bububu.