Mitupo ya Kwanza ya Mchezaji wa Kikapu

Mtupaji katika mpira wa kikapu, yaani mchezaji ambaye timu humtegemea kufunga kutoka mbali, huanza mchezo kabla mwili haujazoea kasi yake, na kwa hiyo kocha, awe katika mji wa Sandoa au wa Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufanya vyema kumtafutia kwanza mitupo ya karibu kabla ya kumpeleka nyuma ya mstari wa pointi tatu, ambao kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, uko mita 6.75 kutoka kikapuni. Mtupo huru, unaotolewa baada ya madhambi na kutupwa mita 4.6 kutoka kwenye ubao, hufaa zaidi, kwa kuwa hapo hakuna mpinzani anayeruhusiwa kumzuia mtupaji asikamilishe mdundo wake, yaani ule mwendo mmoja wa magoti kukunjuka, mkono kuinuka na vidole kuuachia mpira. Mtupo ulioachiwa kwa mdundo huo ukakosa, kwa kweli, humjenga mchezaji kuliko ule uliobahatika kuingia. Chukua mfano wa mtupaji wa mbali: Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa aliyeiwakilisha Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, alitwaa ubingwa wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, akiwa na Los Angeles Sparks mwaka 2001 na 2002, na mitupo ya pointi tatu ilikuwa miongoni mwa silaha zake.