Ulemavu si tusi

Mwendeshaji bodaboda anakatiziwa njia na mwenzake. "Wewe ni kipofu?" anafoka. Sokoni, mteja asiyeitika upesi anaulizwa kama ni kiziwi. Nyumbani, mtoto aliyeanguka hesabu anaitwa taahira. Mara nyingi msemaji hana nia ya kumgusa mtu mwenye ulemavu. Anamkaripia tu aliyekosea.

Hata hivyo, maneno hayo husikika na wengi. Abiria asiyeona aliyepakiwa kwenye pikipiki hiyo husikia hali yake ikigeuzwa kuwa jina la uzembe. Mama mwenye mtoto aliye na ulemavu wa akili hujua mwanawe ataitwaje akimtoa nje. Ndipo wazazi wengine huamua kumficha mtoto. Mtoto aliyefichwa hasomi, hapelekwi hospitalini kufanyiwa tathmini, wala hasajiliwi na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hivyo hukosa huduma ambazo ni haki yake.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 900,000 wenye ulemavu, wa umri wa miaka 5 na zaidi. Hawa ni majirani, wanafunzi, wafanyabiashara na wazazi wetu.

Kubadilika si kazi ngumu. Mtaje mtu kwanza, kisha hali yake, ikiwa kuna haja ya kuitaja: mtu mwenye ualbino, si zeruzeru, mtoto mwenye ulemavu wa akili, si taahira. Neno "kiziwi" lenyewe si tusi. Viziwi wengi hujiita hivyo, na wana lugha yao, Lugha ya Ishara ya Kenya, inayotambuliwa na Katiba. Huwa tusi linaporushiwa mtu aliyekataa kusikiliza. Na yule mama anayeitwa "Mama Kiwete" mtaani ana jina lake. Muulize, ulitumie.

Aliyekosea barabarani na aambiwe kosa lake: hukuangalia. Ulemavu hauhusiki. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika; ajali au ugonjwa unaweza kumfikia yeyote, na jina analomtupia mwenzake leo likawa lake kesho.